Matoleo mapya ya michezo ya uhusika mezani: lipi linunuliwe kwanza

Katika michezo ya uhusika, kila mchezaji huwa mhusika mmoja wa hadithi, msimulizi huongoza kisa, na dadu huamua nani amefaulu. Meza yetu, yaani kundi letu la wachezaji, iliwahi kupoteza karibu nusu saa kwa ajili ya dadu moja. Mchezaji wetu mwenye mhusika mganga alitaka kumponya mhusika mwenzake aliyelala chini akikata roho. Kitabu chake cha Dungeons & Dragons, cha 2014, kinasema uchawi wa Cure Wounds hurushiwa dadu moja ya pande 8. Aliyekaa ubavuni mwake alikuwa na kitabu cha mchezo huohuo cha 2024, na humo ni dadu mbili. Jina la kitabu ni lilelile, mchapishaji yuleyule. Kila mmoja akakishika chake juu kama mtu mwenye hati ya kiwanja, na majeruhi akaendelea kuvuja damu.

Tangu siku ile, toleo jipya likitangazwa najiuliza jambo moja kabla ya kutazama picha za majoka: meza itabidi inunue vitabu vingapi ndipo tuanze kucheza? Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wachapishaji wa michezo hii wanalijua hilo vizuri sana. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyoyapanga matoleo manne yafuatayo.

Namba moja naipa boksi la Dragonbane, la kampuni ya Free League ya Uswidi, lililotoka 2023. Wengi hudhani ni mchezo mpya kabisa, kumbe ni kizazi cha karibuni cha Drakar och Demoner, ambao Waswidi wameucheza tangu 1982. Ndani ya boksi mna kitabu cha kanuni, kitabu cha visa, dadu, ramani, wahusika waliokwisha kutengenezwa, vikaragosi vya kusimamisha mezani, na hata kanuni za kucheza peke yako siku wenzako wakikuangusha. Boksi moja kwa meza nzima, basi.

Kanuni zake zinaeleweka kabla chai haijapoa. Unarusha dadu ya pande 20, na ukipata namba iliyo sawa na kiwango chako cha ustadi au chini yake, umefaulu. Moja huitwa joka, na ni neema. Ishirini huitwa pepo, na hapo jiandae. Ninachokipenda zaidi ni pale unaposhindwa: unaruhusiwa kurusha tena, lakini kwa malipo. Mhusika wako anachoka, au anapatwa na hasira, au hofu, na hali hiyo itamsumbua hadi apate mapumziko. Mchezaji mwenyewe ndiye anayechagua ni hali gani na kueleza imempataje. Nimeona mtu mkimya kuliko wote akisimulia kwa ghafla jinsi mhusika wake alivyomkasirikia mlango uliogoma kufunguka, na kuanzia hapo hakunyamaza tena. Mazimwi nayo hayarushi dadu ili yakupate. Msimulizi hurusha dadu moja ya pande 6 kujua zimwi linafanya kitu gani, na kazi ya kukwepa ni yako. Kasoro ipo: uchawi una shule tatu tu, kwa hiyo mwenye kiu ya uchawi atamaliza kisima mapema. (Ndiyo, unaweza kuwa bata. Bata mwenye upanga. Usicheke mpaka akukate.)

Namba mbili ni Pathfinder ya kampuni ya Paizo, na hapa pana kisa ambacho mnunuzi anapaswa kukijua. Toleo la pili lilitoka 2019 na kitabu kimoja kizito cha kurasa 640. Mwanzoni mwa 2023, Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons, walitaka kubadili leseni ambayo michezo mingi ya watu wengine ilikuwa imeegemea. Wachezaji wakachachamaa hadi mpango ukaachwa, lakini Paizo walikwisha kuamua kujitegemea. Wakaandaa leseni yao, wakazisuka upya kanuni, na Novemba ya mwaka huohuo wakatoa Player Core, kitabu cha wachezaji, na GM Core, cha msimulizi. Uchawi mkongwe wa Magic Missile ukapewa jina la Force Barrage, na ule utaratibu wa kumwandika kila mhusika kuwa mwema au mwovu ukaondolewa. Injini haikuguswa: kila zamu una vitendo vitatu, uvitumie utakavyo.

Kwa hiyo mwenye kitabu cha 2019 asinunue chochote kwa pupa. Kanuni zote, za kabla na za baada, zinasomeka bure na kwa ridhaa ya Paizo kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Anayeanza anunue Player Core moja ya kuzungushwa mezani, ambayo ina aina 8 za wahusika. Player Core 2, ya 2024, isubiri hadi mtu aseme kwa kinywa chake kwamba anataka kuwa mtawa mpiganaji au mwanakemia. Kinachoinyima Pathfinder namba moja ni kwamba kanuni zake ni nyingi mno. Kama hapo mezani hakuna hata mmoja anayefurahia kusoma kanuni, mtakwama.

Call of Cthulhu ya kampuni ya Chaosium nimeiweka ya tatu, ingawa kwa mpenzi wa hadithi za kutisha ndiyo ya kwanza wala hakuna mjadala. Mchezo ni wa 1981, na toleo linalouzwa sasa ni la 7. Badiliko kubwa ni hesabu: sifa kama nguvu na akili zimezidishwa kwa 5, hivyo aliyekuwa na nguvu 13 sasa ana 65. Maana yake visa vya zamani unavigeuza kwa penseli tu. Mgeni aanze na boksi la kuanzia la 2018, ambalo lina kisa cha kuchezwa na mtu mmoja, kisha kitabu cha Keeper, yaani msimulizi, baadaye. Kitabu cha wapelelezi ni cha ziada, utaishi bila hicho.

Sasa turudi kwa wagomvi wetu. Dungeons & Dragons ya 2024 ni vitabu vitatu, kila kimoja kurasa 384, na cha mazimwi kilifika Februari 2025. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya idadi hiyo tu. Kazi yenyewe imefanywa vizuri. Player's Handbook, kitabu cha wachezaji, ina faharasa ya kanuni inayokuokoa katikati ya pambano, na aina 12 za wahusika, kila moja ikiwa na matawi manne. Wapiganaji, ambao zamani walikaa wakisubiri zamu ili waseme “nampiga”, sasa wana mbinu za silaha: shoka hili linaruka kwa adui wa pili, nyundo ile inamsukuma mtu nyuma. Kanuni za msingi zipo bure tangu 2025 chini ya leseni ya Creative Commons. Msimulizi akiwa na uwezo wa kununua vitabu viwili tu, cha pili kiwe Monster Manual, kile cha mazimwi; mwongozo wa msimulizi ungoje. Na kama rafiki zako tayari wanacheza toleo hili, achana na orodha yangu. Nunua wanachocheza wao.

Karatasi au PDF? Mimi huanza na PDF inapopatikana, kwa kuwa chapa ya kwanza huwa na makosa, na faili husahihishwa mara nyingi bila malipo mapya. Ukitaka cha karatasi, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji uone ni chapa ya ngapi.

Meza yetu ilipiga kura, na mwaka 2024 ukashinda. Mganga hakununua kitabu kipya. Amebandika kipande cha karatasi kwenye ukurasa ule wa Cure Wounds, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: “dadu 2, msinisumbue.”