Ngao na Uchawi: Uzoefu Wangu na Kanuni za Bure za Dungeons & Dragons

Kikundi chetu cha mchezo wa kuigiza wahusika hukutana Kansanga, Kampala, na kwa kuwa mezani wapo Wakenya, Watanzania, Wakongo na sisi wenyeji wa Uganda, lugha inayotuunganisha ni Kiswahili. Tunacheza Dungeons & Dragons kwa waraka wake wa kanuni za msingi uitwao SRD 5.1, ambao tangu Januari 2023 unapatikana kwa leseni huria ya Creative Commons, hivyo mtu yeyote anaweza kuupakua, kuuchapisha na hata kuutafsiri bila kulipa. Wa kwetu tuliuchapisha Nasser Road. Hapa nitauzungumzia kwa suala moja tu, ambalo limetugawa kuliko mengine yote: je, mhusika mwenye ngao anaweza kupiga uchawi?

Anaweza, ila inategemea mkono wake wa pili unafanya nini. Kila uchawi una masharti yake, ambayo huwa ni maneno, ishara za mkono au vitu maalumu, na ishara zinahitaji mkono mmoja ulio wazi. Ngao humwongezea mhusika pointi 2 za kinga, lakini inautwaa mkono mmoja, na kuivaa au kuivua kunakula tendo zima la zamu. Mwenye ngao ambaye mkono wake wa kulia ni mtupu hana shida yoyote. Shida humpata aliyeshika na silaha.

Mchukulie kuhani wetu, ambaye huchezwa na dada mmoja wa Bukavu. Ana ngao kushoto, rungu kulia, na mwenzake ameanguka chini akiwa hana hata pointi moja ya uhai. Akitaka kumponya kwa Cure Wounds, ambayo ina maneno na ishara, itambidi kwanza achomeke rungu mkandani, jambo ambalo kanuni zinaruhusu bila gharama mara moja katika zamu, kisha amguse majeruhi na kurusha dadu ya pande 8. Amemponya, lakini hadi zamu yake ijayo hana rungu mkononi, na adui akimponyoka hawezi kumpiga nalo. Akichagua Healing Word, ambayo ni maneno matupu, ataponya kutoka umbali wa futi 60 bila kuachia chochote, ingawa dadu yake ni ya pande 4 tu. Uamuzi huo wa papo hapo, wakati meza nzima imenyamaza ikimsubiri, ndio unaonifanya nisikubali kanuni hii ilegezwe.

Sehemu ngumu zaidi ni alama takatifu, yaani nembo ya mungu anayemtumikia mhusika. Kuhani au paladini (mpiganaji mwenye kiapo kitakatifu) anaruhusiwa kuiweka kwenye ngao yake, na alama hiyo ikachukua nafasi ya vitu vinavyohitajika. Kwa uchawi kama Bless, unaodai maji matakatifu, mkono wenye ngao hiyo unaweza pia kufanya ishara, na rungu likabaki palepale. Cure Wounds haidai kitu chochote, kwa hiyo ruhusa hiyo haiuhusu, na uchawi wenye masharti machache unakuwa mgumu zaidi kwa mtu aliyejaza mikono. Mantiki ipo, lakini msomaji analazimika kuiunganisha mwenyewe kutoka sura ya vifaa, sura ya uchawi na maelezo ya kuhani, na kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa waraka huu.

Kuna pia maneno mawili yasiyopatana vizuri. Mahali pamoja ngao inasemwa kuwa hubebwa kwa mkono mmoja. Mahali pengine, kwamba hufungwa kwenye mkono. Ikiwa imefungwa, mbona vidole visiwe huru? Mimi nashikilia tafsiri ya kwanza, na ninapofikiria ngao za jadi za Buganda, ambazo hushikwa kwa mpini ulio nyuma, naona kiganja hakiwezi kufanya kazi nyingine.

Kwa mchawi asiyefunzwa ngao, hakuna mjadala: akiivaa, hapigi uchawi kabisa. Naipenda hali hii kuliko toleo la 3.5 la mchezo huu, la mwaka 2003, ambalo lilimwekea uwezekano wa kushindwa wa asilimia 15 kwa ngao kubwa ya chuma na 50 kwa ile ndefu kama mnara (tower shield), huku makuhani wakisamehewa.

Atakayeupakua waraka huu ajue kwamba kipaji cha War Caster, yaani uwezo wa ziada wa mhusika, kinachoruhusu ishara hata mikono yote miwili ikiwa na silaha na ngao, hakimo. Kimo katika kitabu cha wachezaji cha kulipia. Sisi tunacheza bila hicho, na kwa meza inayoanza ningeshauri hivyohivyo, mradi kila kuhani awe na Healing Word miongoni mwa uchawi alioutayarisha.