Mashine ya ofisini niliyoigeuza ya gemu, miezi mitano geto Nyegezi

Naanza na bei maana najua ndo mtauliza: shilingi 910,000 jumla, na monita ikiwemo. Ni Dell OptiPlex 3060 ya mtumba, ile tawa ndefu, prosesa i5-8500, nikaiongezea grafiki kadi (ile inayochora picha za gemu) ya GTX 1650 na kijiti kimoja cha RAM, memori ya kufanyia kazi. Nasoma huku Malimbe, Mwanza, geto lipo Nyegezi, nina miezi mitano nayo na sijajuta, ila kabla ya hapo niliponea chupuchupu kupigwa mara moja na mara ya pili nikapigwa kweli, kidogo.

Bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilivyoingia, kichwani nilikuwa na laptopu tu. Nikapanda daladala mjini, duka moja hivi silitaji jina, jamaa akanitolea laptopu kibodi inawaka mataa mekundu. "Dogo hii ni ya gemu kabisa, i7 hiyo, kwa vile we mwanafunzi chukua laki nane na nusu." I7 kweli, stika ipo pale. Nikaiwasha, nikaingia setingi nikasoma jina zima: i7-7500U. Hiyo U mwishoni ndo msala wenyewe, ni prosesa ya kubana chaji, ina kori (vile vichwa vya kufanyia kazi) mbili tu, na grafiki ni ile ya humohumo ndani ya prosesa ya Intel. Namwambia kaka mbona hii haina kadi, ananijibu "kadi ya memori? si hapa pembeni sehemu ya kuchomeka." Nikasema sawa bosi, ntarudi.

Ya pili ndo nililipa. Nilikuwa nishaamua kujipanga kidogokidogo nikaona GTX 1050 Ti kwa 180,000, moyo ukaenda mbio. Nimefika geto naigeuza nyuma naona ina tundu la VGA, lile la zamani la waya wa monita, la bluu lenye skrubu mbili. Wanangu shikeni hili: Nvidia kuanzia 1000 sirizi waliachana na VGA, kwa hiyo ukiona kadi inaitwa 1050 Ti halafu ina hilo tundu, anza kuhema. Nikaichomeka kwenye mashine ya rumeti, nikafungua GPU-Z (programu ya bure ya kusoma kadi, ndogo, weka kwenye flashi kabisa ukienda dukani) ikaandika feki mbele ya jina. Ndani ilikuwa GTS 450, kadi ya 2010, imebadilishiwa jina tu. Nilirudi na rumeti ambaye ana sauti, nikarudishiwa 150,000, hiyo 30,000 muuzaji akasema ni ya usumbufu. Usumbufu wa nani sasa?

Baada ya hapo ndo nikaelekea kwenye mashine za ofisini. Hizi zinakuja kwa mafungu toka nje, makampuni yakibadilisha kompyuta, ni bati tupu jeusi halina hata urembo. Zipo za saizi mbili na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanachukua ile nyembamba ya kulaza kwa sababu bei imepungua kidogo na inakaa vizuri mezani. Ile nyembamba inakubali kadi fupi tu zile za nusu kimo, na kuzipata ni shida na bei yake inaumiza. Chukua tawa. Tena omba wakufungulie ubavu palepale dukani, wala huhitaji fundi, ile ya kwangu ilifunguka ikatoka na vumbi la kijivu limeganda kwenye feni kama sufi, nikachungulia stika ya pawa saplai imeandikwa 260W. Ni ndogo ndio, ila soketi ya kadi kwenye mazabodi inatoa wati 75 na GTX 1650 inakula hizohizo 75, haihitaji waya wa ziada. Angalia tu isiwe zile 1650 zenye tundu la pini sita juu, maana waya huo humo ndani hakuna. Mtu akikuuzia RX 580 kwa bei ya kutupa akwambie ni kali zaidi, hadanganyi, ni kali, ila inakula zaidi ya mara mbili ya hapo na mashine itakuzimikia.

Kwa nini i5-8500 na sio i5-6500 ambayo ni rahisi zaidi? Windows 11 rasmi inaanzia jenaresheni ya 8 kwa Intel, ndo hiyo 8 ya mwanzo kwenye 8500, na Windows 10 sapoti yake iliisha Oktoba 14, 2025. Halafu hii ina kori sita, ile ina nne. Nilitoa 420,000 ikiwa na RAM ya 8GB na SSD (diski ya kuhifadhia) ya 256GB. Kadi nilitumiwa toka Dar kwa basi, 320,000. Monita inchi 22, 110,000. Kijiti kingine cha RAM cha 8GB, 60,000, na hiki msikidharau, vijiti viwili vinafanya kazi sambamba, ile kukwamakwama ukigeuka ghafla kwenye gemu ilipungua sana siku hiyohiyo.

Inacheza nini? Gemu la mpira linatembea fremu 60 kwa sekunde bila kutetereka, GTA V setingi za juu fresh tu, CS2 (Counter-Strike 2) nashusha setingi basi mambo poa. Valorant ilinigomea mpaka nikawasha TPM na Secure Boot, vitu vya usalama, kwenye BIOS, zile setingi za mashine kabla Windows haijawaka. Gemu mpya kubwa kubwa za sasa hivi sahau, memori ya kadi ni 4GB, zinajaa mapema.

Mama mwenye nyumba aliniita wiki ya pili, "mwanangu hiyo mashine yako ndo inatumalizia Luku." Nikamwambia mama shikamoo kwanza, halafu nikampigia hesabu, kila kitu na monita ni kama wati 160, nikicheza masaa matatu ni kama nusu uniti. Hakuridhika ila tangu siku hiyo anaisema pasi ya jirani.

Mabaya: SSD ya 256 ni utani, kila nikitaka gemu mpya nafuta ya zamani na bando la kuishusha tena ndo linaniua. Haina taa zozote, ila kwa hilo nashukuru, rumeti kaweka zile taa za rangirangi na dirisha letu linatazama ziwani, msimu wa wadudu usiku geto linakuwa kama karabai ya wavuvi wa dagaa, wadudu wote wa Nyegezi wanahamia kwake na wengine wanaingia kwenye feni. Na UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikata, bado sijanunua, juzi nimebakiza dakika mbili naongoza mbili bila, umeme ukakata.