Kaunta buku ya kwaya 3: daftari la kuandikia riwaya, Tabora na Kigoma

Anayeanza riwaya yake ya kwanza tunamshauri anunue kaunta buku ya A4 yenye jalada gumu, kwaya 3 (kwaya ni kipimo cha wingi wa kurasa za daftari). Ni bora kuliko kompyuta ya kuazima, na ni bora mara nyingi zaidi kuliko karatasi zisizofungwa, ambazo hupotea moja moja. Maduka ya vifaa vya shule yanayo, ukiwa Tabora mjini au Mwanga kule Kigoma, na umeme ukikatika kazi haisimami. Nunua kabla ya Januari, maana shule zikifunguliwa bei hupanda.

Jalada lisikudanganye. Geuza kurasa taratibu pale dukani: kila baada ya karatasi kadhaa unapaswa kukutana na uzi kwenye mkunjo. Uzi ukiwepo, karatasi zimeshonwa kwa mafungu na daftari litatulia wazi mezani bila kushikiliwa. Usipouona popote, karatasi zimebandikwa kwa gundi tu mgongoni, hiyo iache. Mwandishi hulifungua na kuligandamiza daftari lake kila siku, na gundi ikikaushwa na jua la Septemba na Oktoba la Tabora hupasuka. Kurasa hutoka kwa mafungu, tena zile zinazofunguliwa mara nyingi ndizo hutangulia.

Hata iliyoshonwa ina sharti lake: usichane karatasi. Kila karatasi ni nusu ya shiti iliyokunjwa, kwa hiyo ukiing'oa, mwenzake wa upande wa pili wa uzi hulegea, na siku moja karatasi hiyo itaanguka na sura nzima ya riwaya. Kosa likatwe kwa mstari mmoja tu, lisomeke bado. Mara nyingi sentensi iliyokatwa jioni huonekana nzuri asubuhi.

Kwaya 3 ina kurasa 288. Andika hadithi kurasa za kulia peke yake, za kushoto ziwe za masahihisho, majina ya wahusika na umri wao. Zinabaki kurasa 144. Mwandiko wa kawaida huingiza maneno yapatayo 250 kwa ukurasa, yaani maneno 36,000 hivi, na hiyo ni riwaya fupi kamili. Kwaya 2 itakuishia njiani. Kwaya 4 ni nzito na mgongo wake huchoka mapema.

Utaratibu huo wa kulia na kushoto una mwenyewe mashuhuri: mwandishi Samuel Beckett wa Ayalandi. Akiwa mwanafunzi wa Trinity College aliichezea kriketi timu ya Chuo Kikuu cha Dublin, na mwaka 1925 na 1926 alicheza mechi mbili za daraja la kwanza, yaani ngazi ya juu ya kriketi, dhidi ya Northamptonshire, timu ya Uingereza. Mwaka 1969 alipewa Nobel ya Fasihi, na katika washindi wote wa tuzo hiyo ni yeye peke yake aliyecheza kriketi ya daraja la kwanza. Mwaka 1942, alipowakimbia Wajerumani waliokuwa wakiwasaka wapinzani wao Paris, alijificha Roussillon, kijiji cha kusini mwa Ufaransa. Mchana alifanya kazi mashambani kwa watu, na riwaya yake akaiendeleza humo humo kwa mkono, daftarini, kurasa za kushoto zikijaa nyongeza na michoro. Mkulima wa tumbaku wa Urambo anayeandika usiku baada ya shamba anaijua ratiba hiyo vizuri.

Waliowahi kutunza alama za kriketi wana tabia nyingine inayofaa kuigwa. Ova, yaani zamu moja ya mrushaji, ina mipira sita, na mpira usiozaa mkimbio (pointi) nao huandikwa, kwa nukta. Basi pembeni mwa ukurasa weka tarehe kila siku, hata siku uliyopata mstari mmoja. Baada ya mwezi utaona mwenyewe ni saa zipi na siku zipi kazi inakwenda.

Wino ni bolpeni ya kawaida, bluu au nyeusi. Wino wake una mafuta, maji ya mvua hayaufuti kirahisi. Kalamu ya jeli huteleza vizuri mkononi lakini wino wake huvuja hadi nyuma ya karatasi nyembamba hizi, na tone moja la maji laweza kugeuza aya kuwa doa.

Adui mkubwa Tabora ni mchwa. Usiliweke daftari sakafuni wala kwenye rafu inayogusa ukuta, na usiliache wiki nzima bila kulisogeza, kwa sababu mchwa huingia kwa chini na kula ndani huku jalada likibaki zima. Kigoma, karibu na ziwa, shida ni unyevu: kurasa hujikunja na kunuka ukungu. Lisimamishe mahali penye hewa, usilifungie kwenye mfuko wa plastiki.

Namba za kurasa ziandikwe kabla ya neno la kwanza. Kila Jumamosi piga picha kurasa za wiki hiyo kwa simu, karibu na dirisha, mchana, bila flashi, kisha mtumie mtu mwingine picha hizo. Ukifika wakati wa kumpa mchapaji wa stesheneri, mpe kurasa kumi kwanza ujue kama anausoma mwandiko wako, ndipo mkubaliane bei ya kazi yote.

Asiyeweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe baada ya wiki mbili, kaunta buku haitamfaa. Huyo aandike kwenye simu.