Regulata yenye geji kutoka Ngamiani: inapima kweli, lakini si kile kilichoandikwa kwenye boksi

Mwezi wa Januari nilinunua regulata yenye geji, yaani kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi wa gesi ya kupikia, hiki kikiwa na kipimo cha mshale, katika duka moja la vifaa vya jikoni lililopo Ngamiani, hapa Tanga, kwa shilingi 38,000. Nimeitumia kwa mitungi miwili mizima ya kilo 15, nikiwa na mizani pembeni na daftari la kuandikia, kwa sababu mimi ni mwalimu wa kemia na ahadi niliyopewa wakati wa kununua ilinitia shaka kabla hata sijatoa pesa.

Kijana wa dukani alinisalimu kwa heshima, akafungua boksi na kunionyesha kioo cha geji chenye rangi tatu. "Mwalimu, ukishaifunga hii, habari ya kutikisa mtungi umeachana nayo," alisema. "Mshale ukiwa kwenye kijani, gesi ipo ya kutosha, ukija kwenye njano, anza kutafuta hela, ukigusa nyekundu, mtungi mwingine uwe umeshafika mlangoni." Karatasi iliyomo ndani ya boksi inasema hivyo hivyo kwa picha: mtungi uliojaa, mtungi ulio nusu na mtungi mtupu, kila mmoja chini ya rangi yake.

Kuhusu utengenezaji wake sina lawama. Inaingia kwenye vali na kukaza kwa mlio mmoja unaosikika, swichi yake ni nzito kiasi cha kumshinda mtoto mdogo, na kioo hakijaingiwa na ukungu licha ya unyevunyevu wa pwani yetu. Moto wa jiko umekuwa tulivu wakati wote.

Tatizo ni zile picha tatu. Geji hupima kanieneo, ambayo mafundi wetu huiita presha, na neno lenyewe la Kiswahili limejieleza: ni kani inayosukuma juu ya eneo. Molekuli za gesi hukimbia huku na huko na kugonga kuta za chombo, na jumla ya mapigo hayo ndiyo inayousukuma mshale. Chombo kikiwa na gesi peke yake bila kimiminika, molekuli zikipungua nusu huku ujazo na halijoto vikibaki vilevile, mapigo nayo hupungua nusu. Nendeni kwenye karakana yoyote ya kuchomelea vyuma mkaangalie mtungi wa oksijeni: geji ikisoma bari 150 asubuhi na bari 75 jioni, fundi anajua kwamba ametumia karibu nusu, na yuko sahihi, kwa kuwa oksijeni haiwezi kugeuka kimiminika kwa kugandamizwa tu mpaka ipoozwe chini ya nyuzijoto 118 hasi. Mle ndani mna gesi peke yake.

Mtungi wa jikoni ni habari nyingine kabisa. Ndani yake mna propani na butani, na zote mbili hukubali kuwa kimiminika katika halijoto yetu ya kawaida zikigandamizwa kiasi. Unaponunua mtungi uliojaa, sehemu kubwa ya ndani ni kimiminika, na juu yake kuna nafasi ya mvuke iliyoachwa makusudi ili kimiminika kipate pa kutanukia wakati wa joto. Jiko linachota mvuke ule wa juu. Mara unapopungua, kimiminika kilichopo chini huchemka kidogo na kuziba pengo, na kanieneo hurudi pale pale ilipokuwa. Kinachoiamua ni halijoto pamoja na aina ya gesi iliyomo, wala si kina cha kimiminika: propani katika nyuzijoto 20 hutoa kanieneo ya karibu bari 8, na katika nyuzijoto 30 karibu bari 11, iwe imebaki kilo kumi au kilo moja. Butani katika nyuzijoto hizo haifiki bari 3.

Daftari langu linaonyesha hivyo. Mtungi wa kwanza ulikuwa na uzito mtupu wa kilo 15.4, kama ulivyochapwa kwenye chuma chake, na siku nilipoufunga ulisoma kilo 30.4 kwenye mizani. Kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, niliupima na kuusoma mshale. Mizani ilipofika kilo 22.9, yaani gesi imebaki nusu kamili, mshale ulikuwa bado ndani ya kijani, umeshuka kidogo tu. Kushuka huko kuna sababu yake: propani huchemka kwa wepesi kuliko butani, hivyo hutangulia kutoka, na kadiri siku zinavyokwenda kimiminika kinachobaki huwa na butani zaidi, ambayo kanieneo yake ni ndogo. Lakini Jumapili ile ile nilirudia kusoma saa nane mchana, mtungi ukiwa karibu na mlango wa uani joto linapoingia, na mshale ulikuwa umepanda kupita alama ya wiki tatu zilizotangulia. Kwa maelezo ya boksi, ningeamini kwamba mtungi umejiongezea gesi kati ya asubuhi na mchana.

Kinyume chake kilitokea siku tuliyopika pilau ya hitima kwa jiko kubwa. Baada ya saa mbili hivi za moto mkali mshale uliteremka hadi kwenye njano, na mke wangu akataka kumpigia mtu wa gesi. Nilimwomba auguse mtungi kwanza. Sehemu ya chini ilikuwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, imetoka jasho la matone, na jasho hilo liliishia kwenye mstari ulionyooka, karibu theluthi moja kutoka chini. Kimiminika kinapochemka kwa kasi hunyonya joto kutoka ndani yake chenyewe na kutoka kwenye chuma kinachokizunguka, kinapoa, na kanieneo inashuka pamoja na halijoto. Asubuhi iliyofuata mshale ulikuwa umerudi kwenye kijani bila mtu kugusa chochote. Ule mstari wa jasho, ambao haukugharimu hata senti, ulituonyesha kiwango cha gesi kwa ukweli kuliko geji.

Nyekundu ilikuja mwishoni kabisa, na ilikuja kwa haraka. Kimiminika kilipokwisha, mtungi wangu ukawa kama mtungi wa fundi: gesi tupu inayopungua. Nilipiga hesabu ya kiasi kilichobaki wakati huo. Kwa chombo cha lita 36 hivi, kanieneo ya bari 3 na halijoto ya kelvini 300 (nyuzijoto 27 hivi), kanuni ya gesi inatoa moli 4.3 hivi, moli ikiwa kipimo cha wingi wa molekuli, na kwa kuwa moli moja ya butani ni gramu 58, jumla haifiki hata gramu 260. Nyumbani kwetu hayo ni matumizi ya siku moja. Kwa hiyo onyo la nyekundu ni la kweli, ila linakuja chakula cha jioni kikiwa tayari jikoni.

Baada ya yote hayo, mnaweza kushangaa kwamba sijairudisha. Sababu ni kazi moja ambayo kijana wa dukani hakuitaja na karatasi imeigusa kwa mstari mmoja tu chini kabisa. Ukifungua swichi ya regulata huku koki za jiko zimefungwa, kisha ukafunga swichi, gesi iliyobaki ndani ya regulata na mpira imetengwa na kimiminika. Pale ndipo kanuni ya kanieneo na ujazo wa gesi aliyoitangaza mwanasayansi Robert Boyle mwaka 1662 na zile zilizofuata zinapofanya kazi bila kizuizi: ujazo ni uleule, halijoto ni ileile, basi mshale ukishuka hakuna maelezo mengine isipokuwa molekuli zinatoka mahali fulani. Na kwa kuwa nafasi yenyewe ni ndogo mno, hata uvujaji hafifu huonekana upesi.

Mwezi wa Machi nilifanya jaribio hilo kabla ya kulala, na ndani ya dakika kumi mshale ulikuwa umetoka kijani hadi nyekundu. Pua haikuwa imenusa kitu, maana dirisha lilikuwa wazi na upepo wa bahari ulikuwa unapita. Nilipaka povu la sabuni kwenye viungo, na mapovu yakaanza kuota pale mpira unapoingia kwenye jiko, chini ya klipu iliyolegea. Propani na butani zote ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hutambaa sakafuni na kutulia kwenye pembe, na jikoni kwetu kona ya chini ndiyo yenye jiko la mkaa. Tangu usiku ule napima kila ninapobadilisha mtungi, na mara moja kwa wiki katikati.

Kwa hiyo anayetaka kujua gesi iliyobaki asitoe shilingi 38,000. Anunue mizani ya kawaida, aupime mtungi, atoe uzito mtupu uliochapwa kwenye chuma, na atapata jibu kwa gramu. Anayetaka kujua kama gesi inavuja, hii ni bidhaa nzuri na ninaipendekeza bila kusita, hasa kwa nyumba zenye watoto na mpira wa siku nyingi. Nilirudi dukani kumweleza kijana, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimwonyeshe jaribio la kuvuja kwenye mtungi wake wa maonyesho. Mshale wake haukusogea. Picha zile tatu bado zimo ndani ya kila boksi, na yeye hana uwezo wa kuzibadilisha, ila kwa wateja wawili waliokuwa wamesimama pale alianza maelezo yake kwa swichi badala ya rangi.