Rangi au maneno: kumfikisha msomaji kwenye kitabu chake

Vibandiko vya rangi kwenye vitabu vya maktaba, mtoto wa darasa la pili huvielewa papo hapo. Ila mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, una madaraja makuu 10 tu, ukilipatia daraja la 600 (teknolojia) rangi ya kijani, basi tiba (610), mahindi (633.15) na chai (633.72) vyote ni kijani. Mkulima wa Rungwe anayetafuta kitabu cha chai atapekua rafu nzima. Jua la dirishani nalo hupausha rangi.

Vibao vya maneno vinahitaji kazi zaidi, lakini ndivyo tunavyovipendekeza. Andika “633.72 Chai” kwa herufi kubwa kwenye ukingo wa rafu, kundi linapoanzia. Vitabu vikisogezwa, kibao kisogezwe siku hiyohiyo. Kikibaki nyuma kinapotosha kuliko kutokuwepo.

Kinachowakwamisha wengi hasa ni nukta. Msomaji huona 633.15 ni kubwa kuliko 633.2 kwa kuwa 15 inazidi 2. Bandika mfano ukutani, 633.15, 633.2, 633.72, na uelekeze kulinganisha tarakimu mojamoja baada ya nukta. Kwenye mgongo wa kitabu, herufi tatu za jina la mwandishi zikae mstari wa chini ya namba.

Rangi ibaki kona ya watoto.