San Andreas: sayansi imebomoka, raha imesimama

Nafundisha jiografia sekondari. Kila muvi ya majanga ikizagaa mtaani, wanafunzi na mashemeji huniletea swali lilelile: "Mwalimu, hii inaweza kutokea kweli?" Kwa San Andreas jibu langu ni hapana, karibu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, ndiyo muvi ya majanga ninayompendekezea yeyote anayetaka kukaa saa mbili asijute. Nimeiona ya Kiingereza nyumbani, nimeiona iliyotafsiriwa na dijei kibanda umiza, na nimeionyesha darasani vipande vipande rimoti ikiwa mkononi. Hapa natathmini zote tatu kwa mkupuo.

Kwa ambaye hajaiona: ilitoka 2015, mwongozaji ni Brad Peyton, na steringi ni Dwayne Johnson, yule wengine tulimjua kwa mieleka kabla hajawa mwigizaji. Anacheza kama Ray, rubani wa helikopta ya uokoaji wa zimamoto Los Angeles. Mkewe Emma ameshaleta karatasi za talaka na anahamia kwa tajiri wa majengo. Binti yao Blake yuko San Francisco. Bwawa la Hoover linabomoka, Los Angeles inalala chini, kisha inafika zamu ya San Francisco. Ray anamfuata mwanawe kwa helikopta, gari la kuiba, ndege ndogo, parachuti na boti, kwa mpangilio huohuo. Hadithi ndiyo hiyo yote. Ukitoka kwenda kununua bisi katikati, ukirudi hujapitwa na kitu isipokuwa ghorofa mbili tatu zilizoanguka.

Tuanze na namba. Tetemeko la San Francisco kwenye muvi limepewa ukubwa wa 9.6. Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo duniani ni la Chile, mwaka 1960, na lilikuwa 9.5. Kwa hiyo watunzi wamevunja rekodi ya dunia, tena mahali pasipo na uwezo huo. Ukubwa wa tetemeko unatokana na eneo la mwamba lililoteleza, yaani urefu wa mpasuko na kina chake. Mpasuko wa San Andreas, ule ufa wa ardhi wa California ulioipa muvi jina lake, ni mrefu, kama kilomita 1,300, lakini hauendi chini sana. Ukipita kilomita 15 hivi, mwamba una joto la kuufanya ujipinde badala ya kukatika. Ndiyo maana wataalamu wanaona mpasuko ule ukijitahidi sana utavuka 8 kidogo. Wala hilo si dogo: tetemeko la Aprili 1906, lililokadiriwa kuwa 7.9, pamoja na moto uliofuata, liliangamiza sehemu kubwa ya San Francisco na kuua watu wapatao 3,000.

Darasani hapa huwa nasimamisha picha. Septemba 10, 2016, Bukoba ilitikiswa na tetemeko la 5.9. Nyumba za tofali zilianguka, watu zaidi ya 15 wakafa. Kila unapopanda namba moja nzima kwenye kipimo, nishati inaongezeka kama mara 32, kwa hiyo kutoka 5.9 hadi 9.6 ni zaidi ya mara laki tatu. Wanafunzi wakishapiga hesabu hiyo kwa mikono yao, wanamwangalia Ray akirushwarushwa na helikopta yake kwa jicho jingine kabisa. Wanacheka zaidi. Nimeliona hilo kila mara: anayejua ukweli hafurahii kidogo, hufurahia mara mbili, kwa sababu anacheka na muvi na pia anacheka na watunzi wake.

Halafu lile shimo. Hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Ray na Emma wako barabarani, ghafla wanasimamishwa, na mbele yao ardhi imeachana, korongo limekata nchi hadi macho yanapoishia. Picha imetengenezwa vizuri mno. Nayo ni uongo mtupu, kwa sababu San Andreas haiachani, inakwaruzana. Bandika viganja viwili, vibane kwa nguvu, kisha sukuma kimoja mbele. Vitagoma, vitagoma, halafu vitachomoka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho tetemeko. Viganja vikiachana hakuna tena cha kukwaruza, na tetemeko linaishia hapo. Kwa maneno mengine, lile korongo lingekuwa ndiyo nafuu ya California.

Ardhi inayoachana kweli iko kwetu Afrika, kwenye Bonde la Ufa. Mwaka 2005, huko Afar nchini Ethiopia, eneo la Dabbahu, mawe yaliyoyeyuka yalijipenyeza chini ya ardhi na kuitanua kwa hadi mita 8 kwenye mstari wa kilomita 60 hivi, ndani ya kipindi kifupi sana. Nani katuletea muvi ya hiyo? Badala yake mwaka 2018 ufa ulikata barabara karibu na Mai Mahiu, Kenya, na mitandao ikajaa habari kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba kilichoonekana pale ni mvua kubwa iliyozoa udongo laini wa majivu ya volkano uliokuwa umejaza nyufa za zamani. Bonde linapanuka kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka. Mimi habari ile iliniudhi kuliko San Andreas nzima. Muvi inakuja na steringi, muziki na majina ya waigizaji, kila mtu anajua anadanganywa. Ile ilikuja kama taarifa.

Tsunami nayo haina mashiko. Ili bahari inyanyuke, sakafu yake lazima ipande au ishuke, na mpasuko wa San Andreas kwa sehemu kubwa uko nchi kavu na unateleza kwa ubavu. Watu wa pwani tunajua tsunami ya kweli ilivyo: Desemba 26, 2004, tetemeko la 9.1 karibu na Sumatra liliinua sakafu ya bahari, na baada ya saa kadhaa maji yakafika Somalia, Kenya na Tanzania, yakaua watu hata Dar es Salaam. Katikati ya bahari wimbi la aina hiyo linakimbia kwa mwendo wa ndege na meli hailioni. Kwenye muvi limesimama wima kama ukuta, na Ray analikwea na boti huku meli ya makontena ikimwangukia kutoka juu.

Sasa kipande hicho usikione nyumbani. Nenda kibanda umiza. Dijei wetu alipofika pale aliacha kabisa kutafsiri, akawa anatangaza kama mpira: "Steringi anaweka gia namba moja! Mlima huo! Anapanda nao, mama yangu anapanda nao!" Benchi zima lilisimama. Kulikuwa na spika moja iliyopasuka sauti, na mtikisiko wake ulinoga kuliko ule uliorekodiwa studio. Kwenye simu muvi hii haina maana yoyote. Inataka kioo kikubwa, besi, na watu wa kupiga nao kelele.

Yaliyonichosha ni ya binadamu, si ya miamba. Ray ni mtumishi wa umma, ana helikopta ya serikali, mji umelala chini na watu wanalia kila kona, yeye anageuza usukani kwenda kuokoa familia yake na hakuna anayemuuliza. Kibandani walikuwa upande wake wote, nikanyamaza. Yule mchumba mpya wa Emma amefanywa mwoga ili talaka ivunjike bila maswali. Na bendera ile ya Marekani inayokunjuliwa mwishoni, sina la kusema.

Lakini kuna jambo muvi hii imelifanya kwa uangalifu, na ndilo linaloitenga na nyingine. Wahusika wakati wa hatari wanafanya, kwa sehemu kubwa, mambo yanayofaa. Profesa anapiga kelele watu waingie chini ya meza. Ray anawasogeza watu ukutani, vitu vya juu visiwaangukie. Mtandao wa simu za mkononi ukikata, Blake anatafuta simu ya mezani. Maji yanapokuja wanapanda juu badala ya kubaki wakipiga picha. Linganisha na Dante's Peak ya 1997, ambayo kwa volkano yenyewe imejitahidi kuwa karibu na ukweli, lakini steringi anavusha gari juu ya lava. Matairi yanashika moto, gari linapita. Mtu wa Goma aliyeona lava ya Nyiragongo ikiingia mjini mwaka 2002, na ikarudi kuelekea mji huohuo 2021, hawezi kucheka hapo. Namba ya 9.6 hakuna mtu atakayeitumia maishani. Wazo kwamba gari lako linaweza kuvuka lava, mtu anaweza kulikumbuka siku mbaya.

Kwa kipimo hicho San Andreas ina doa moja, na si korongo wala wimbi. Ni yule profesa, Paul Giamatti, mwigizaji bora kuliko wote humo ndani kwa sababu anayaamini maneno yake. Timu yake imegundua mbinu ya kutabiri matetemeko, na inafanya kazi: anajua yanayokuja na anautangazia ulimwengu. Hilo halijawahi kufanyika. Kuna mitambo inayotoa tahadhari ya sekunde chache baada ya tetemeko kuanza, kabla mtikisiko haujafika ulipo. Kuna makadirio ya uwezekano kwa miaka mingi mbele. Lakini kusema kesho, hapa, ukubwa huu, hakuna taasisi duniani inayoweza. Darasani kwangu hakuna aliyeuliza kuhusu korongo. Swali lililokuja, tena kutoka kwa mwanafunzi makini, ni kwa nini wataalamu wetu hawakuwaambia watu wa Bukoba mapema. Kipande cha shimo kiliwachekesha, cha profesa kiliwaingia. Mtu anayeamini utabiri upo ndiye atakayesambaza ule ujumbe wa WhatsApp unaowaambia watu walale nje usiku kwa sababu tetemeko linakuja saa nane.

Kwa hiyo kwa raha naipa nyota nne kati ya tano, kwa sayansi moja, na hiyo moja ni ya kuingia chini ya meza. Ukiwa na watoto wa shule, angalia nao kisha mzungumze kuhusu profesa, mengine waachie wacheke. Ukiwa peke yako tafuta ya kutafsiriwa. Dijei wetu kila profesa alipoanza maelezo yake marefu alimkatisha, "Mzee anasema hali ni mbaya, tukimbieni," akaruka mbele mpaka kwenye ghorofa inayoanguka.