Worker's PAS: uzoefu wangu kama seremala aliyejifunzia karakana

Mafundi wa Ndeeba na Katwe, hapa Kampala, wamekuwa wakiniuliza kama Worker's PAS ni cheti cha maana au ni karatasi ya kuning'iniza ukutani. Nimekifanyia mtihani, nimekitumia kutafuta kazi, na nasema kina maana. Kwa mtu aliyeujua ufundi wake kazini, bila kukanyaga chuo, sijaona kinachomfaa zaidi hapa Uganda.

Mimi ni mzaliwa wa Arua. Useremala nilifundishwa na mjomba: nikaanza kwa kufagia maranda, nikaja kunoa patasi, nikaja kupiga randa, na ilichukua muda mrefu kabla sijaruhusiwa kugusa mvule ya mteja. Shule iliishia njiani kwa kukosa karo. Sasa natengeneza milango, vitanda na makabati Ndeeba, na wateja wanarudi. Hata hivyo, mkandarasi mmoja aliyekuwa na zabuni ya madawati aliikagua kazi yangu, akaisifu, kisha akaomba vyeti. Sikuwa nacho hata kimoja, na madawati yakatengenezwa na wengine. Iliniuma sana, maana ujuzi alikuwa ameuona kwa macho yake.

Herufi PAS zinasimamia Practically Acquired Skills, yaani ujuzi uliopatikana kwa vitendo. Cheti hiki kimo katika mfumo wa sifa za ufundi unaoitwa UVQF, uliopata nguvu ya kisheria kupitia Sheria ya BTVET ya 2008, inayohusu elimu na mafunzo ya ufundi, na kusimamiwa miaka mingi na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, DIT. Baada ya sheria ya TVET ya 2025, kazi ya kutahini imepewa bodi ya UVTAB, kwa hiyo ulizia huko. Hutahiniwi ufundi wote kwa mkupuo. Unachagua moduli, yaani sehemu ya kazi unayoimudu, na cheti kinataja moduli ulizofaulu.

Kilichonifanya niuamini mfumo huu ni jinsi orodha ya kazi za kila fani inavyopatikana. Mafundi wenye uzoefu huitwa, wakakaa pamoja na kutaja hatua kwa hatua seremala anafanya nini kazini, na mtihani hutungwa kutokana na hayo. Ndiyo maana niliposomewa maswali sikukuta jambo geni. Yalikuwa mambo ya karakana.

Mtihani wenyewe ni wa vitendo, na alama hutolewa kwa namna unavyofanya kazi na pia kwa kile unachokamilisha. Hapa wengi hawaelewi. Mtahini alisimama karibu yangu tangu nilipochagua ubao. Aliangalia kama navaa miwani ya kinga, kama napiga mstari kwa skwea kabla ya kushika msumeno, kama ulimi unaingia kwenye tundu kwa kusukumwa na mkono au kwa kupigwa nyundo. Fremu ilipokwisha kubanwa, aliniona nikipima kona kwa kona, pande zote mbili, kuhakikisha haijapinda, akaandika. Aliniuliza kwa nini nimekataa kipande kimoja cha mbao ya musizi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba bado kibichi, kitashinyaa na kiungo kitalegea. Alinielewa na tukaendelea. Mjomba angefurahi kuona yale aliyonikemea kwayo yakipewa alama.

Kasoro zipo. Kituo nilikotahiniwa kilikuwa na patasi butu na jiliwa zisizobana vizuri, kwa hiyo nakushauri uombe mapema ruhusa ya kubeba zana zako. Ada nayo ni mzigo kwa kijana anayelipwa kwa kipande. Wenye karakana wangewasaidia vijana wao kuilipa, kwani cheti cha fundi kinaisafisha pia sura ya karakana. Halafu kuna waajiri wasioijua PAS kabisa. Mmoja alikishika cheti changu akaniuliza matokeo ya kidato cha nne yako wapi. Usikate tamaa kwa hilo: mfungulie ukurasa wenye moduli, mweleze, mwonyeshe na picha za kazi.

Ujue pia kwamba PAS haikupi daraja la UVQF. Ukitaka daraja la kwanza au la pili, unatahiniwa upya kwa upana zaidi. Mimi najiandaa kwa hilo, maana moduli nilizo nazo zinaonyesha kazi moja moja tu.

Jambo moja linanisumbua sana. Karakana yetu ina Wakongo na Wakenya, na wateja wengine wanatoka Tanzania. Kenya wana mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwanda, na Tanzania mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, inarasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani kama sisi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazungumzia nchi kutambuana vyeti. Fundi wa Ndeeba anayeitwa Kisumu kufunga makabati anastahili cheti chake kisomeke kule bila kuanza upya, na viongozi wetu waliharakishe hili.

Kwa anayejiandaa, fanya mazoezi ya kueleza unachofanya huku ukikifanya. Mikono yetu imezoea kazi ya kimya, lakini mtahini anataka pia kusikia kwa nini umekata hapo na si pale.